Msimbo wa Wanafunzi Wetu Usiishie Kabatini

Kila mwisho wa mwezi muuguzi wa zahanati ya kijijini hukaa na vitabu vyake akajumlisha: watoto waliochanjwa, kina mama waliojifungua, wagonjwa waliopimwa malaria na waliokutwa nayo. Tanzania tunaviita vitabu vya MTUHA, na hakuna aliyefanya kazi ya afya nchini asiyevijua. Jumla hizo hupanda kutoka zahanati hadi wilayani, na huko huingizwa kwenye programu ya kompyuta iitwayo DHIS2. Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hutumia programu hiyo hiyo. Waziri anaposimama bungeni kueleza hali ya chanjo, takwimu nyingi anazozisoma zimepita humo.

Programu hii hailipiwi leseni. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi: mtu yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuusoma, kuubadili apendavyo na kumpa mwenzake. Tena haikuzaliwa katika kampuni. Ilizaliwa vyuoni na ikalelewa vyuoni, na hadi leo chuo kikuu ndicho kinachoitunza. Naomba msomaji ashike jambo hilo, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike wito huu kwa wahadhiri, wanafunzi, wazazi, waajiri na viongozi wa Afrika Mashariki.

Katikati ya miaka ya 1990 Afrika Kusini ilikuwa inatoka katika utawala wa ubaguzi wa rangi. Idara zake za afya zilikuwa zimegawanywa kwa rangi na kwa maeneo, kila moja na fomu zake, na sasa zilitakiwa kuwa kitu kimoja. Mjini Cape Town watafiti na wanaharakati wa afya, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Western Cape, pamoja na Jørn Braa aliyetoka Chuo Kikuu cha Oslo, walianza kutengeneza programu ndogo ya kukusanya takwimu za wilaya. Toleo la pili, ndiyo DHIS2 yenyewe, linalofanya kazi kwenye intaneti, liliandikwa Oslo kuanzia katikati ya miaka ya 2000. Likajaribiwa Kerala, India, mwaka 2006. Mwaka 2011 Kenya ikalieneza nchi nzima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa mshirika tangu mapema, na baadhi ya wahadhiri wake walisomea shahada za uzamivu ndani ya kazi hiyo, wao pamoja na wenzao wa Msumbiji na Malawi.

Kilichonivutia zaidi katika historia hii ni jinsi Oslo ilivyowatumia wanafunzi wake. Waliweka somo la kuandika programu huria, na kazi ya darasani ikawa ni kuandika vipande vya DHIS2 yenyewe. Mwanafunzi hakupewa zoezi la kubuni. Alipewa tatizo ambalo mtu fulani, katika wilaya fulani ya nchi fulani, alikuwa analisubiria jibu. Baadhi ya waliokuwa wanafunzi wa uzamili siku zile ndio waliokuja kuwa wasanifu wakuu wa programu.

Matunda yake tuliyaona wakati wa korona. Januari 2020, Sri Lanka ilipohitaji kufuatilia wageni na wagonjwa, wataalamu wake waliichukua DHIS2 wakaongeza sehemu ya kazi hiyo kwa muda mfupi. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, nchi nyingine hazikuanza upya. Zilichukua kazi ya Sri Lanka, zikairekebisha kulingana na mazingira yao, zikaendelea.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wimbi la UKIMWI lilipojaza kliniki, majalada ya karatasi yalishindwa kubeba idadi ya wagonjwa. Kutokana na haja hiyo ilianzishwa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, mwaka 2004, na Februari 2006 ikaanza kufanya kazi Eldoret, mahali pa kwanza duniani. Mwaka huo huo ikafika Rwanda. Leo mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa KenyaEMR umejengwa juu yake, na vivyo hivyo ule wa UgandaEMR, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere wameshughulika nao.

Ukiifungua OpenMRS utaona imepita mikononi mwa watu wanaowajua wagonjwa wetu. Panapoandikwa tarehe ya kuzaliwa, pana sehemu ya kuonyesha kwamba tarehe hiyo ni ya kukadiria. Bibi aliyezaliwa mwaka wa njaa, asiye na cheti wala kumbukumbu ya siku, anaingia kwenye mfumo bila karani kulazimika kumtungia siku ya uongo. Yako mengi ya namna hiyo yanayongoja kijana wa hapa ayaone. Mgonjwa akisema amemeza dawa saa mbili, ni saa mbili ya asubuhi, ambayo kompyuta inaiita saa nane, au ni ya usiku? Mwanafunzi wa Morogoro au Kisumu analijua swali hilo tangu utotoni. Mwandishi wa programu aliyekulia Ulaya hatalifikiria mpaka aambiwe.

Sasa tutazame kinachotokea katika vyuo vyetu kila mwaka wa masomo unapokaribia kuisha. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kompyuta na uhandisi wa programu wanaleta miradi yao. Wamekesha, wametumia fedha za chakula kununua bando, wameazimana kompyuta. Wanasimama mbele ya jopo, wanaonyesha mfumo unaofanya kazi, wanajibu maswali, wanapewa alama. Ripoti inajalidiwa kwa jalada gumu. Msimbo unabaki kwenye diski au kifaa cha kuhifadhia kinachokabidhiwa idarani, kinawekwa kabatini. Mwenyewe anahitimu, anaondoka, na baada ya mwaka mmoja hata barua pepe ya chuo haifunguki tena. Hakuna atakayeufungua msimbo ule.

Mwaka unaofuata kikundi kingine kinaanza mradi huo huo kutoka mstari wa kwanza. Mfumo wa kusimamia maktaba. Mfumo wa kugawa vyumba vya bweni. Mfumo wa kupanga miadi ya hospitali. Mada hizi zinarudi kila mwaka, na kila mwaka zinaishia mahali pale pale, kwenye fomu ya kuingilia na jedwali la hifadhidata, kwa sababu miezi michache haitoshi kufika mbali zaidi ya hapo. Kinachoniuma ni kwamba maktaba nyingi za vyuo vyenyewe zinaendeshwa kwa Koha, programu huria iliyoanzia katika maktaba ya wilaya ya Horowhenua huko New Zealand mwaka 1999. Hazina za tasnifu za vyuo kadhaa, Nairobi na Strathmore miongoni mwao, ziko kwenye DSpace, iliyotengenezwa na maktaba za chuo cha MIT pamoja na kampuni ya HP na kutolewa mwaka 2002. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hufundishia kwa Moodle, na MUELE ya Makerere ni Moodle pia, programu aliyoianza Martin Dougiamas akiwa Chuo Kikuu cha Curtin nchini Australia. Mwanafunzi anaazima vitabu kupitia Koha, anasoma mihadhara kupitia Moodle, kisha anaambiwa atunge mfumo wa maktaba usiofika hata robo ya Koha.

Pendekezo langu liko hapa, na mengine yote katika wito huu yanalitegemea. Mradi wa mwaka wa mwisho ukubaliwe kuwa mchango katika programu huria iliyo hai. Kikundi kichague Koha, Moodle, OpenMRS, DHIS2 au nyingine inayotumika kweli nchini. Kimtafute mtumiaji wake halisi: mkutubi, muuguzi, karani wa halmashauri. Kikae naye mpaka kijue kinachomsumbua. Kisha kiandike marekebisho, kiyapeleke kwa watunzaji wa programu hiyo duniani, kijibu maswali yao, kirekebishe tena. Marekebisho yakipokewa, yanaingia katika toleo linalofuata na yanawafikia watumiaji ambao mwanafunzi hatawaona kamwe.

Najua pingamizi la kwanza litatoka kwa wahadhiri, na ninalitaja kwa heshima kwa kuwa wao ndio wanaobeba mzigo. Mistari arobaini ya msimbo ndani ya programu yenye mamia ya maelfu ya mistari inaonekana ni kazi ndogo. Mwongozo wa kusahihisha unadai mfumo kamili: uchambuzi, usanifu, ujenzi, majaribio. Lakini fikirini kilichotangulia mistari ile arobaini. Mwanafunzi amesoma msimbo wa watu asiowafahamu na kuuelewa. Amepata chanzo cha hitilafu ndani ya msitu wa mafaili. Ameandika majaribio yanayothibitisha kwamba alichokirekebisha hakikuharibu kingine. Ameeleza kazi yake kwa maandishi mbele ya watu wenye uzoefu wa miaka mingi, akasahihishwa hadharani na akavumilia. Hayo ndiyo atakayoyafanya siku yake ya kwanza kazini, kwa sababu hakuna mwajiri atakayempa ukurasa mtupu. Atapewa msimbo wa zamani wa watu walioshaondoka. Mwongozo wa kusahihisha umeandikwa na watu, na unaweza kuandikwa upya na watu hao hao katika kikao kimoja cha idara.

Wengine wataogopa wizi wa kazi: msimbo ukiwa wazi wanafunzi watanakiliana. Nadhani ni kinyume chake. Hazina za msimbo kama GitHub huweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani ameliweka na lini. Mhadhiri anaona kazi ya kikundi ikikua wiki baada ya wiki, na anaona nani katika kikundi alikuwa anaandika na nani alikuwa anangoja. Ripoti ya jalada gumu haimwonyeshi hilo.

Kwa vikundi vitakavyoendelea kutunga programu mpya, na viwepo, kwa sababu yako matatizo ambayo hayajapata programu, ombi ni kwamba kazi yao itolewe hadharani pamoja na leseni. Hapa wengi hukosea. Kuweka msimbo mtandaoni peke yake hakutoshi. Sheria za hakimiliki za nchi zetu, ile ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001, zinalinda programu za kompyuta kama kazi nyingine za ubunifu. Msimbo usio na leseni ni mali ya mwenyewe, na anayeuchukua bila ruhusa anavunja sheria hata kama ameukuta wazi. Faili moja fupi la leseni huondoa shaka hiyo. Vyuo viwe na utaratibu unaoeleweka: haki za mwanafunzi ni zipi, za chuo ni zipi, na leseni gani zinakubalika. Leseni mbili zinazotumika sana duniani zina majina ya vyuo, MIT na BSD, hiyo ya pili ikitoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Vyuo hivyo viliamua zamani kwamba msimbo ulioandikwa na watu wao utoke nje ya kuta.

Niseme pia, kwa mkazo, kwamba uwazi wa msimbo haufungui taarifa za watu. Majina ya wagonjwa, matokeo ya wanafunzi, namba za simu, vyote hivyo vinabaki siri, na sheria zipo: Kenya tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Kinachowekwa wazi ni mashine, na yaliyomo ndani yake ni ya wenyewe. Wanafunzi wafundishwe mapema kutoacha nywila ndani ya msimbo na kutojaribu programu kwa majina ya wagonjwa halisi.

Wapo wanaodhani kuunga mkono kazi hii kunahitaji majengo mapya. Mwaka 1991 Linus Torvalds, kijana wa miaka 21 anayesoma Chuo Kikuu cha Helsinki, aliandika kiini cha mfumo wa uendeshaji wa kompyuta. Ari Lemmke, aliyekuwa akisimamia seva ya mafaili katika chuo jirani cha teknolojia, alimpa nafasi kwenye seva hiyo na akaiita folda yake Linux. Chuo chake kikampa kazi ya kufundisha, akaendelea kuandika huku akipata riziki, na mwaka 1997 Linux ikawa ndiyo tasnifu yake ya uzamili. Alichohitaji kilikuwa nafasi kwenye seva, posho ya ualimu msaidizi, na wasimamizi waliokubali kwamba kile anachokihangaikia usiku ni kazi halali ya kitaaluma. Leo kila simu ya Android iliyo mfukoni mwa msomaji ina kiini hicho. Huko Auckland, Ross Ihaka na Robert Gentleman waliandika R kwa ajili ya kufundishia takwimu, na mwaka 1995 wakaitoa huria. Sasa watafiti wa kilimo na afya wa nchi zetu wanachambulia data zao kwa R bila kulipa senti na bila kuiba programu ya mtu.

Hata hivyo, kuanzisha ni rahisi kuliko kutunza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya fahari. Walikaa chini wakatafuta istilahi moja moja, na Kiswahili kikaonekana kwenye skrini pale ambapo wengi walikuwa wamezoea kukisikia redioni tu. Lakini OpenOffice haikusimama. Iliendelea kubadilika, na mwaka 2010 sehemu kubwa ya waandishi wake wakajitenga wakaanzisha LibreOffice. Kila toleo jipya linakuja na maneno mapya ya kutafsiriwa, na fedha za mradi zina tarehe ya mwisho. Tafsiri za Kiswahili katika programu nyingi huria bado zina mapengo mengi, na sababu yake ni kwamba hakuna anayelipwa kuzifuatilia baada ya mradi kufungwa.

Ndiyo maana naviomba vyuo viajiri watunzaji. Chuo kinamlipa mkutubi ili vitabu visipotee, kinamlipa fundi sanifu wa maabara ili vyombo vifanye kazi. Kila ndaki au kitivo chenye wanafunzi wa kompyuta kiwe na angalau mtu mmoja ambaye kazi yake iliyoandikwa kwenye mkataba ni kutunza programu za chuo zilizotolewa hadharani: kusoma taarifa za hitilafu, kupokea marekebisho, kuziba mianya ya usalama, kutoa toleo jipya, kuwajibu watumiaji, na kuwaongoza wanafunzi wapya wanaoingia kwenye kazi ile. Mshahara wa mtu huyo mmoja utaokoa jasho la vikundi vingi.

Na mhadhiri anayelea programu inayotumika mikoani apandishwe cheo kwa ajili hiyo. Kwa sasa wengi wanahesabiwa makala za majarida, na programu, hata ikihudumia hospitali kumi, inaonekana ni shughuli ya pembeni. Chanda chema huvikwa pete. Seneti za vyuo, pamoja na tume zinazosimamia vyuo vikuu Tanzania na Kenya, zina uwezo wa kuweka vigezo vya kupima programu: ina watumiaji gani, imeandikiwa maelezo, inapokea michango ya watu wa nje, wataalamu wengine wanaisemaje. Ni kazi ya kitaaluma na ipimwe kitaaluma.

Kuhusu fedha niseme waziwazi. Kazi nyingi za taarifa za afya katika ukanda wetu zimebebwa na wafadhili wa nje. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, miradi mingi ilitikisika ndani ya siku chache tu. Ubora wa programu huria ni kwamba mfadhili akiondoka hawezi kuondoka na msimbo. Unabaki. Lakini usipokuwa na watu wako wanaouelewa, kubaki kwake hakukusaidii. Watu hao tunawapata vyuoni au hatuwapati kabisa.

Kwa hiyo nawageukia mabenki, kampuni za simu na kampuni za teknolojia za Nairobi, Kampala, Kigali na Dar es Salaam. Seva zenu zinatumia Linux. Wengi wenu mnahifadhi data kwenye PostgreSQL, iliyochipuka kutoka utafiti wa Michael Stonebraker na wanafunzi wake huko Berkeley. Mmejengewa msingi na vyuo vya mbali bila kulipishwa. Lipieni msingi wa vyuo vya hapa: dhaminini mtunzaji mmoja, wapeni wahandisi wenu saa chache kila wiki za kuwasimamia wanafunzi, pokeeni vijana wa mafunzo kwa vitendo na muwaache wachangie kwenye programu huria mnazozitegemea, badala ya kuwatuma kuunganisha printa. Anayehofia kwamba msimbo ulio wazi hauleti biashara akumbuke kwamba IBM ililipa takriban dola bilioni 34 kuinunua Red Hat mwaka 2019, kampuni ambayo bidhaa zake ni programu huria. Wateja walikuwa wanalipia utunzaji na huduma.

Ndugu zetu mlioko ughaibuni, mliohitimu hapa na sasa mnaandika programu Ulaya, Marekani au Ghuba, mna nafasi ambayo wengine hawana. Sage Weil aliandika Ceph, programu huria ya kuhifadhi data, akiwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Mambo yalipomnyookea alirudi na zawadi ya fedha iliyokiwezesha chuo hicho kuanzisha kituo cha utafiti wa programu huria mwaka 2015. Si kila mtu ana fedha za kiasi hicho, lakini saa moja ya Jumamosi ya kumpitia kijana msimbo wake na kumweleza kwa nini haujapokewa ni mchango mkubwa. Kijana wa mwaka wa tatu aliyewahi kusahihishwa vizuri mara moja habaki yule yule.

Serikali nazo, wizara na halmashauri, zikitangaza zabuni za mifumo, ziweke sharti kwamba msimbo uliolipiwa kwa kodi uwe mali ya umma na uweze kutunzwa na mtu mwingine mkataba ukiisha. Kisha zivikaribishe vyuo kuutunza. Makerere imeshaonyesha kwamba chuo cha hapa kinaweza kubeba kazi ya namna hiyo: AirQo, iliyoanza huko mwaka 2015, inapima ubora wa hewa ya Kampala na miji mingine kwa vifaa vilivyotengenezwa Uganda, na msimbo wake unasomeka na yeyote.

Mitandao ya vyuo, KENET ya Kenya, TERNET ya Tanzania na RENU ya Uganda, iweke nakala za programu huria kwenye seva za ndani na izitangaze mpaka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ajue zilipo, ili kupakua mfumo mzima wa uendeshaji kusimlazimu kuchagua kati ya bando na chakula cha jioni.

Walimu wa Kiswahili, msidhani haya hayawahusu. Kila programu niliyoitaja inahitaji tafsiri nzuri, na tafsiri nzuri haitoki kwa mwandishi wa programu peke yake. Darasa la isimu na darasa la kompyuta wakae meza moja. Watafiti wa vyuo vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene walishaungana katika mradi wa KenCorpus kukusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya kwa ajili ya teknolojia ya lugha, na hazina kama hiyo inaweza kuzidishwa mara nyingi.

Nanyi wanafunzi, msingoje kikao cha seneti. Chagueni programu moja mnayoitumia. Someni orodha ya hitilafu zake. Miradi mingi huweka alama kwenye zile zinazowafaa wanaoanza. Anzeni na maelezo ya matumizi au tafsiri kama msimbo unawatisha. OpenMRS imekuwa ikishiriki kwa miaka mingi katika Google Summer of Code, mpango unaowalipa wanaoanza wachangie programu huria chini ya usimamizi, na mpango mwingine wa namna hiyo, Outreachy, unalipa pia. Mtakataliwa mara kadhaa. Rekebisheni mpeleke tena.

Wazazi, kijana wenu akikaa mbele ya kompyuta usiku akiandika kitu ambacho hakimlipi bado, muulizeni kinamsaidia nani. Huenda jibu likawa hospitali ya wilaya yenu.

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo kila idara hukaa kikao kugawa mada za mwaka wa mwisho. Mkuu wa idara unayesoma haya, naomba kikao kijacho utenge vikundi vitatu tu. Kimoja kiende maktaba ya chuo kwa anayetunza Koha, kimoja hospitali ya wilaya, kimoja kwa walimu wanaolalamikia Moodle. Wape msimamizi, wape leseni, waambie alama zitatolewa kwa kazi iliyopokewa na watumiaji wake. Kabla ya kikao kuisha, mtaje kwa jina mtu atakayeitunza kazi hiyo vijana watakapohitimu.